Kubipu: mlio wa Kiingereza, maana ya kwetu

Wiki hii nataka tuzungumzie neno dogo ambalo hapa Mkuu, na Rombo nzima, mkubwa na mdogo wanalijua: kubipu. Simu inalia mara moja, inakatika. Hakuna aliyesema kitu, hakuna aliyelipa hata senti, na ujumbe umefika: nipigie.

Asili yake ni neno la Kiingereza "beep", lililoundwa kwa kuiga mlio, kama sisi tulivyoiga sauti ya injini tukapata pikipiki. Lilianza kuandikwa mwishoni mwa miaka ya 1920, likiwa na maana ya mlio wa honi ya gari. Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, na redio duniani kote zikanasa mlio wa namna hiyo kutoka angani. Baadaye Wamarekani wakakipa jina hilo kidude cha mfukoni kilicholia kumjulisha daktari kwamba anatafutwa, naye akaenda kutafuta simu. Hapo mlio ukawa mwito.

Kwetu Tanzania, simu za mkononi zilianza mwaka 1994 na kampuni ya Mobitel, na wenye nazo walikuwa wachache. Vodacom walipoingia mwaka 2000, zikaanza kusambaa mpaka huku migombani. Vocha ilikuwa ghali, lakini mpigaji alikatwa pesa simu ikipokelewa tu. Wananchi wakaligundua hilo upesi. Jirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya Tarakea, walikiita kitendo hicho "kuflash", kwa kufuata mwanga. Sisi tukafuata mlio. Mwaka 2007 mtafiti Jonathan Donner aliandika juu ya kanuni zake, akitumia zaidi mifano ya Rwanda. Kanuni kubwa ni hii: mwenye nacho ndiye anayelipa.

Wako wanaosema kubipu ni uombaomba. Mimi sikubaliani nao. Mama aliyeko Mkuu anapombipu mwanawe aliyeko Dar es Salaam, anamkumbusha tu kwamba kati yao wawili, mwenye uwezo wa kulipia mazungumzo ni nani. Mtoto akipiga, ametimiza wajibu, na mama hakulazimika kusema kwamba hana kitu. Heshima yake imebaki pale pale. Kiingereza kilitupa mlio. Wajibu na staha tumevitia wenyewe.

Siku hizi kuna vifurushi na ujumbe wa intaneti, na bipu zimepungua. Lakini zilizobaki ndizo nzito zaidi, maana anayebipu leo mara nyingi ni yule asiyebakiwa na salio lolote. Basi, ukikuta jina la mzazi wako kwenye simu iliyokatika, usiseme utampigia kesho. Mlio ni mfupi. Huenda habari yenyewe ni ndefu.