Sindimba ya Bibi na Sindimba ya Bagamoyo

Nilipompeleka bibi yangu Bagamoyo kuangalia ngoma, alikaa kimya mpaka sindimba ikaisha. Mimi nilikuwa nimepiga makofi hadi viganja vinawasha. Bibi ni Mmakonde wa Newala, sindimba kaicheza tangu usichana wake. Aliniuliza jambo moja tu: "Sasa mbona wote wanatutazama sisi?"

Jibu la swali hilo ni refu, na linaanzia Bungeni. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Hoja yake ilieleweka: wasomi wetu walijua kucheza rumba na chachacha, lakini gombe sugu na kiduo zilikuwa ngeni kwao. Haikupita muda kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, wachezaji wakitafutwa mikoani. Baadaye vikafuata vya sarakasi na maigizo.

Vikundi hivyo vilikuja kuvunjwa, ila ujuzi wake haukuachwa upotee. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanza Bagamoyo, na baadhi ya wasanii wale wakawa walimu. Hukwe Zawose, fundi wa zeze na ilimba kutoka Ugogo, alifundisha hapo. Mwaka uliofuata likaanza tamasha ambalo watu wanalifuata mpaka leo. Mwaka 2002 ukumbi uliteketea kwa moto, ukajengwa mwingine. Tangu 2007 chuo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa.

Sasa turudi kwa bibi. Kwao sindimba ni ngoma ya sherehe, vijana wanapotoka jando na unyago. Watu wanazunguka duara, na anayetazama sasa hivi ndiye atakayeingia baadaye. Inaisha watu wakichoka. Jukwaani haiwezekani hivyo. Wachezaji wanapanga mstari, nyuso kwa watazamaji, na baada ya dakika chache inaingia ngoma nyingine. Duara limefunguliwa ili sisi tuliokaa vitini tuone.

Wapo wanaosema hapo ndipo ngoma ilipouawa. Mimi sikubali. Bila mstari ule, Msukuma angejifunzia wapi sindimba? Na Mmakonde angeshikia wapi jembe la bugobogobo? Chuo kilizitoa ngoma kwenye mipaka ya kabila, na hilo si jambo dogo. Lakini lazima tukiri gharama yake: ngoma ikishakuwa ya wote, wengi wetu tunabaki kuwa watazamaji. Tunajivunia utamaduni wetu tukiwa tumekaa.

Hayo sikuyawaza siku ile. Yalinijia baadaye, kwa sababu ya kilichotokea tulipotoka nje. Bibi alimwona msichana mmoja aliyekuwa jukwaani, kajifunga khanga, anakunywa maji. Akamwita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kwenu Newala sehemu gani?"

"Mimi Mhaya, bibi. Natoka Bukoba. Sindimba nimefundishwa hapa."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Akamwambia kiuno chake kizuri, ila anaharakisha. Amsikilize mpiga ngoma, asimkimbie. Akamwonyesha, hapo hapo kwenye mchanga, mwanamke wa miaka sabini na kitu. Binti akamfuata. Wenzake wawili wakasogea, halafu watatu, na bila mtu kupanga wakawa wamewazunguka.

Kisha bibi akanigeukia mimi, mjukuu wake wa damu, Mmakonde niliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam.

"Haya, na wewe ingia."

Nikabaki nimesimama na pochi yake mkononi. Nilikuwa sijui.