Picha, Sauti na Mwalimu: Historia Fupi ya Zana za Kufundishia

Wako walimu wanaodhani kwamba slaidi zimezaliwa pamoja na kompyuta, kumbe umri wake ni mkubwa kuliko wa shule zetu nyingi. Yafaa basi tuitazame historia ya zana za picha na sauti, tupate kujua ni wakati gani zilifundisha na ni wakati gani zilistaajabisha tu.

Mwaka 1854 David Livingstone alifika kwa chifu Shinte, katika nchi iitwayo leo Zambia, akiwa na taa ya kurushia picha za vioo. Alionyesha picha ya Ibrahimu ameinua kisu juu ya mwanawe Isaka. Wanawake walikaa kimya wakisikiliza maelezo. Lakini kioo kilipovutwa, na kisu kikaonekana kuwaelekea wao, walikimbia wakipiga kelele. Picha ilikuwa imeyashinda maneno.

Mwaka 1935 jaribio kubwa zaidi lilianzishwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani, walitengeneza hadi mwaka 1937 sinema fupi juu ya kilimo, afya na kuweka akiba, wakazizungusha kwa lori. Sauti iliwekwa katika santuri, mbali na filamu, hivyo sinema moja iliweza kusimuliwa kwa Kiswahili na kwa lugha nyinginezo. Hapo ilitambuliwa kwamba picha yataka lugha ya mtazamaji. Lakini santuri haiulizwi swali ikajibu.

Upungufu huo ulizibwa Tanzania mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi: wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana wakiongozwa na kiongozi aliyefunzwa kazi hiyo, na kuamua la kutenda. Matokeo yake vyoo vingi vilichimbwa vijijini. Redio ilianzisha mazungumzo tu. Watu wenyewe waliyakamilisha.

Hapa Rwanda, kompyuta ndogo za wanafunzi zilianza kugawiwa mwaka 2008, na baadaye idadi yake ikapita 200,000. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, masomo yalipitishwa redioni na katika televisheni. Hapana shaka zana tunazo nyingi kuliko waliotutangulia.

Hata hivyo, sisi tunaofundisha huku Gahanga, kusini mwa jiji la Kigali kwenye barabara iendayo Bugesera, twajua kwamba wanafunzi wetu wengi wakitoka darasani hurejea katika Kinyarwanda. Dakika za somo ndizo dakika zao za kusema Kiswahili. Mwalimu akijaza slaidi maandishi, wanafunzi watanakili kimya hadi kengele ilie. Watakuwa wameandika mengi, wala hawakutamka sentensi moja.

Basi tufuate njia ya vikundi vya mwaka 1973. Slaidi moja iwe na picha moja na maneno machache. Mathalani, ikionyesha soko, tusiwatajie wanafunzi kilichomo. Tuwaulize nani anauza, nani anapunguziwa bei, na mnunuzi atasema nini. Sauti iliyorekodiwa isikilizwe mara mbili: mara ya kwanza kwa kufahamu, mara ya pili kwa kuigiza matamshi. Kisha mtambo uzimwe, wanafunzi wawili wawili wazungumze. Na kwa kuwa umeme huweza kukatika, picha iliyochorwa kwenye karatasi isikose mkobani.

Kabla ya kuandaa slaidi nyingine, kila mwalimu ajiulize: baada ya picha hii, mwanafunzi wangu atasema nini? Asipopata jibu, picha hiyo na aiache.