Manyoya, Ngozi na Vijidudu

Mji wa Isiolo ni mlango wa nchi kavu ya kaskazini ya Kenya. Wakati wa utawala wa Waingereza ulikuwa makao ya serikali ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na palikuwapo karantini ya mifugo. Ng'ombe wa Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wasomali walizuiwa hapo na kuchunguzwa maradhi kabla ya kuruhusiwa kuuzwa kusini. Mpaka leo mifugo ndiyo mali ya watu wengi wa nchi hiyo. Lakini mnyama achinjwapo, macho ya watu huifuata nyama. Ngozi huanikwa na kuuzwa mbichi kwa bei ndogo. Kwato, pembe na manyoya hutupwa. Makala haya yaeleza historia ya hicho kitupwacho: jinsi wanadamu walivyojifunza kukivunja, na nani aliyepata faida ya elimu hiyo.

Nywele, manyoya, pembe, kwato na kucha, vyote vimeumbwa hasa kwa kitu kimoja kiitwacho keratini. Keratini ni protini, lakini imesokotwa kama kamba, na nyuzi zake zimefungwa pamoja kwa vifundo vya salfa. Ndiyo sababu nywele zikiungua hutoa harufu kali. Vifundo hivyo ni imara sana, hata tumbo la mtu, liyeyushalo nyama kwa saa chache, haliwezi kuuyeyusha unywele mmoja. Basi na tujiulize: kama hapana kiumbe awezaye kuivunja keratini, mbona dunia haikujaa manyoya ya ndege wote waliokufa tangu zamani? Jibu ni kwamba wapo viumbe wawezao, na wengi wao ni wadogo mno hata jicho haliwaoni.

Watu waliitumia kazi ya viumbe hao kabla ya kuwajua. Katika nchi za wafugaji wa kaskazini wanawake walikwangua ngozi kwa mikono na kuzilainisha kwa mafuta. Ulaya watengenezaji wa ngozi walizitia kwanza katika maji ya chokaa ili nywele zilegee, kisha wakazilowesha katika mavi ya mbwa au ya njiwa ili ziwe laini. Kazi hiyo ilinuka na kuchukiza, wala hapana aliyejua kwa nini mavi yalainishe ngozi. Joseph Turney Wood, mtengenezaji wa ngozi wa Nottingham, Uingereza, alilichunguza jambo hilo kwa miaka mingi, akaonyesha kuwa kazi ile ilifanywa na bakteria pamoja na vimeng'enya, yaani vitu vitolewavyo na viumbe hai ili kuvunja chakula chao. Mwaka 1907 mkemia Mjerumani, Otto Röhm, alianzisha kampuni pamoja na mwenzake Otto Haas, wakauza dawa ya kulainisha ngozi iliyotokana na kongosho za wanyama waliochinjwa. Mavi yakaanza kuachwa viwandani.

Hata hivyo, kazi ya kuondoa nywele ilibaki kwa chokaa na sodiamu salfaidi. Dawa hizi huziyeyusha nywele zikawa uji, na uji huo ukimwagwa mtoni huharibu maji na kuua samaki. Kwa hiyo wataalamu walitafuta njia nyingine. Mwaka 1959 Noval na Nickerson, wataalamu wa Marekani, walieleza jinsi kijidudu cha udongoni kiitwacho Streptomyces fradiae kivunjavyo sufu. Mwaka 1990 Jason Shih na wenzake wa North Carolina walitangaza habari za bakteria waliyempata katika mtambo wa kuozesha kinyesi cha kuku, naye aliishi kwa kula manyoya. Kimeng'enya chake kiliitwa keratinesi.

Hapo taka ikageuka kuwa mali. Manyoya ya kuku yana protini karibu asilimia 90. Yakivunjwa kwa kimeng'enya huwa chakula cha mifugo au mbolea. Vimeng'enya vya namna hiyo hutiwa pia katika sabuni za kufulia ili kuondoa madoa. Katika kiwanda cha ngozi hulegeza shina la unywele, nao hutoka mzima ukachujwa, wala hauyeyuki majini. Lakini kazi hiyo yataka uangalifu. Kimeng'enya kibaya, au kizuri kilichoachwa muda mrefu, huweza kuila ngozi yenyewe.

Yatupasa sasa kutazama nyumbani. Kenya ina maziwa ya magadi, kama Bogoria na Nakuru, ambamo vijidudu vimezoea maji makali kama yale ya sabuni. Katika miaka ya 1990 vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya maziwa hayo viliuzwa na kampuni ya Marekani iitwayo Genencor, na kimoja kilitumiwa kupausha nguo za jinzi. Hivyo havikuwa vya kuvunja keratini, lakini habari yake ni fundisho. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilidai sehemu ya faida, likisema kuwa vijidudu vilichukuliwa pasipo ruhusa yake. Kampuni ilikana kosa. Mwaka 2006 Kenya ilitunga kanuni za kusimamia uchukuaji wa viumbe vya namna hiyo, na mwaka 2014 ikajiunga na Mkataba wa Nagoya, unaotaka nchi yenye viumbe igawiwe faida yao.

Sheria ni ngao njema, lakini ngao hailimi shamba. Ziwa lilikuwa letu, na vijidudu vilikuwa vyetu. Maabara ndiyo haikuwa yetu. Na ngozi ya Isiolo imepita njia ile ile: huondoka mbichi kwa bei ndogo, na faida kubwa hubaki kwa yule ajuaye kuitengeneza.

Watafutao vijidudu vya kuvunja keratini huanza mara nyingi katika udongo wa machinjio na wa majaa ya manyoya, kwa kuwa hapo ndipo vilipo na chakula tele. Udongo wa namna hiyo haukosekani Isiolo. Kazi yenyewe huanza na vitu vichache: konzi ya udongo, unyoya mmoja, maji safi, darubini, na kijana mwenye subira ya kuandika kila siku alichokiona. Mzee wa karantini alihesabu ng'ombe waliopita mlangoni pake. Mwanafunzi wa leo ana hesabu nyingine ya kufanya, nayo ni ya mali ambayo baba zake waliikanyaga kila siku pasipo kuiona.