Gesi ya Ziwa Kivu, mazuku ya Goma, na swali la watu wa Ziwa Albert

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini alitangaza kwamba mitaa mingi ya Goma ihamwe mara moja. Watu kwa mamia ya maelfu walishika njia ya Sake, wengine wakavuka Rwanda, magodoro kichwani na watoto mgongoni. Wengi walidhani wanakimbia moto tu. Lakini ndani ya tangazo lile kulikuwa na neno lingine: ziwa. Ilihofiwa kwamba lava ingeweza kutokea chini ya maji ya Kivu na kuamsha gesi iliyolala humo. Si ajabu basi kwamba wanaoishi Kasenyi, Tchomia na Mahagi-Port wanauliza: na Ziwa Albert je?

Gesi yenyewe si ngeni kwa mtu yeyote. Ni gesi karboniki, ile inayotoka kinywani tunapopumua, na ile ambayo kiwanda hutia ndani ya Fanta kwa nguvu. Chupa ikiwa imefungwa, gesi inatulia ndani ya maji. Kizibo kikitoka, presha inashuka na mapovu yanapanda. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga samaki na majani ya maji ndani ya masanduku makubwa ya kioo, akwariamu. Wananunua gesi hiyo katika chupa ya chuma, wanaiunganisha na tuyo nyembamba yenye vali, wanaiingiza majini povu kwa povu. Wanafanya hivyo kukiwa na mwanga tu, sababu majani huila wakati huo. Akisahau kufunga vali usiku, mwenye akwariamu anaweza kukuta samaki wamepanda juu wakihema, au wamekufa. Kati ya majani yanayopendwa humo liko Anubias, asili yake mito ya Afrika ya Kati na ya Magharibi, nalo huota vizuri hata bila chupa hiyo. Pesa ya bure!

Wale wanalipa ili gesi iingie majini. Ziwa Kivu halikumwomba mtu: linaipata bure kutoka chini ya ardhi ya volkano, kupitia chemchemi zilizo kwenye vilindi. Ziwa lina kina cha mita 485. Maji yake ya chini yana chumvi nyingi na ni mazito, hayachanganyiki na ya juu, kwa hiyo gesi inabaki imefungwa kama ndani ya chupa. Mtaalamu Mbelgiji Hubert Damas alilipima ziwa miaka ya 1935 na 1936, akaona kwamba maji yake yamepangwa tabaka juu ya tabaka. Baadaye hesabu zilionyesha gesi karboniki kilomita za ujazo 300 hivi, na metani, gesi inayowaka, kama 60. Kwa wakati ule macho yalikuwa kwenye metani. Tangu mwaka 1963 mtambo mdogo wa Rubona, upande wa Rwanda, uliitoa ili ichemshe mitungi ya kiwanda cha bia cha Gisenyi. Habari ya hatari haikuwa na wasikilizaji wengi.

Kameruni ndiyo iliyobadilisha mawazo. Tarehe 15 Agosti 1984 watu 37 walikufa kando ya Ziwa Monoun, na sababu ikabishaniwa. Miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitapika gesi yake. Wingu lilishuka mabondeni kimya kimya, likafika vijiji vilivyo mbali hadi kilomita 25 hivi. Watu 1,700 hivi walikufa, wengi wao usingizini, pamoja na mifugo kwa maelfu. Nyumba zilibaki zimesimama.

Dawa iliyopatikana Nyos inashangaza kwa urahisi wake. Mwaka 2001 wahandisi, wakiongozwa na Mfaransa Michel Halbwachs, waliteremsha bomba moja lenye urefu wa zaidi ya mita 200 hadi karibu na sakafu ya ziwa. Pampu ilihitajika kuanzisha kazi tu. Maji ya chini yakipanda kidogo, mapovu yanazaliwa, yanayavuta maji mengine, na bomba linajiendesha lenyewe. Maji yaliruka angani karibu mita 50.

Kivu ni kubwa mno kwa bomba moja. Mtambo wa KivuWatt, uliozinduliwa Rwanda mwaka 2016, unatoa metani kwa ajili ya umeme wa megawati 26. Upande wa Kongo, ghuba ya Kabuno ndiyo inayotazamwa zaidi, sababu humo gesi karboniki iko karibu na uso wa maji kuliko kwenye ziwa kubwa. Lipo pia jambo la kutuliza moyo: Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma hadi ikaingia ziwani, na maji ya vilindi hayakuvurugika.

Wakati ziwa linangojewa, gesi hiyo hiyo inaua nchi kavu, mmoja mmoja. Watu wa Goma wanaiita mazuku. Inatoka katika nyufa za mawe ya lava na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inajikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri kabla ya upepo. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipelekwa Mugunga, na walikuwepo waliokufa kwa mazuku. Ardhi ya upande huo, kuelekea Bulengo na Lac Vert, ndiyo waliyopewa tena wahamishwa wa vita vya M23. Familia ya Ituri inayopeleka watoto huko ijue haya: ndege au mbuzi aliyekufa shimoni bila jeraha ni alama, moto wa kiberiti unaozimika ukiteremshwa ni alama, na anayeanguka shimoni hafuatwi kwa mbio, sababu mwokoaji naye huangukia juu yake. Mtoto, aliye mfupi, anavuta gesi ambayo mama yake aliyesimama haivuti.

Na Ziwa Albert? Kina chake hakifiki mita 60. Upepo unayakoroga maji yake hadi chini, hivyo gesi haipati mahali pa kufungiwa. Kilichogunduliwa chini ya bonde lake ni mafuta. Mwanzoni mwa 2018, maelfu kwa maelfu ya watu wa Djugu walipolivuka kwenda Uganda ndani ya mitumbwi iliyojaa kupita kiasi, hatari ya majini ilikuwa huo upepo wenyewe.