Kijiko si mtoto wa jiko

Wengi hudhani kijiko ni jiko dogo. Sivyo. Kijiko ni mwiko uliopunguzwa: mti hutupa kijiti, mto hutupa kijito, na mwiko, ule wa kusongea ugali, hutupa kijiko. Silabi "ji" huchomekwa katikati tu.

Jiko lenyewe ni neno la Kibantu. Wingi wake wa asili ni meko, yaani "ma" na "iko" zilizoungana, kama jino na meno. Majiko nayo yameenea, hasa kwa wauzaji wa majiko ya mkaa na gesi, na sina ugomvi nayo. Ila walimu, tafadhali, msimkosoe mtoto aliyeandika meko.