FAINALI UZEENI? ITAZAME RELI YA MPANDA



Ndugu yangu katika imani, neno "fainali" asili yake ni Kiingereza: jambo la mwisho, lisilo na jingine baada yake. Sisi tulilizoea kwenye mechi za kombe, kisha tukalitungia msemo: fainali uzeeni. Yaani leo tamba, tutaonana ukizeeka.

Lakini ni nani aliyekuahidi uzee?

Tazama hapa kwetu Mpanda. Reli hii ya kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi, Waingereza waliijenga kwa ajili ya madini ya risasi. Ilifunguliwa mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Miaka kumi tu! Fainali ikachezwa mapema.

Hata hivyo, reli haikufa na mgodi. Iliendelea kubeba abiria na mazao, na mji ukakua mpaka leo ndio makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Risasi ilikwisha, manufaa yakabaki.

Waislamu tuna neno letu: khatima. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali huzingatiwa kwa mwisho wake. Akatufundisha pia kuwa mtu akifa amali zake hukatika, isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea dua.

Basi usisubiri uzee. Jiulize usiku huu: mgodi wangu ukifungwa kesho, nimeacha reli gani?

Yaa Allah, turuzuku husnul khatima. Aamin.