Wacha Nilale Nalo Kwanza

Mjomba wangu aliuza nusu ekari saa kumi na mbili jioni. Saa kumi usiku akaamka akijua alichouza.

Broka alikuwa amekuja na karatasi, kalamu, bunda la noti na neno moja: leo. Mnunuzi anasafiri kesho, bei ni ya leo, mashahidi wako hapa leo. Mjomba ni mtu ambaye hawezi kununua gambuti bila kuzunguka soko la Litein mara tatu. Siku hiyo, sijui ni karo ya shule au ni zile noti, akatia sahihi. Akala, akalala. Anasema hakuota kitu chochote cha ajabu, wala hakusikia sauti. Aliamka tu gizani na jambo limekaa kichwani kama mgeni aliyefika usiku: njia ya kwenda kwenye chemchemi inapita kwenye ile pembe. Shamba lilibaki lake. Maji yalikuwa yameenda.

"Nilikuwa najua," aliniambia. "Nimepita pale tangu utoto. Lakini nilikuwa najua kwa miguu, si kwa kichwa."

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa kwenye darasa la Kifaransa Nairobi, na mwalimu akaandika ubaoni: la nuit porte conseil. Usiku huleta ushauri. Akaeleza kwamba Mfaransa akikuambia hivyo anamaanisha uache kulisumbua jambo, ulale, na kesho utaliona vizuri. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nafikiria pembe ya shamba huko Bomet, na nafikiria kogo, nyanya yangu, ambaye hajawahi kusikia Kifaransa lakini ameishi maisha yake yote kwa sheria hiyo. Kwa kogo, swali la ng'ombe, la ardhi au la kuoa halijibiwi siku linapoulizwa. Hata uwe umetoka mbali, hata iwe mvua inanyesha. Utapewa mursik, utaulizwa habari za kwenu, halafu: "Rudi kesho." Tulipokuwa watoto tulidhani ni ukaidi tu. Chumvi peke yake ndiyo ilitolewa papo hapo.

Ukikulia kule juu kwenye majani chai hili halipaswi kukushangaza, kwa sababu hata majani hulala. Yanachumwa mchana, mawili na chipukizi, yanapimwa kwenye kituo cha kununulia, na jioni lori linayapeleka kiwandani. Hapo hayasagwi mara moja. Yanatandazwa kwenye vihori virefu vyenye wavu, feni zinapuliza hewa kutoka chini, na yanaachwa hapo saa kumi na mbili, wakati mwingine hadi kumi na nane. Ukipita usiku huoni kinachotokea. Unasikia feni tu, na ile harufu kama ya tufaha na nyasi mbichi inayofika hadi barabarani. Lakini ndani ya jani mambo yanaendelea: maji yanapungua, jani linalegea, kemia yake inabadilika. Ukilisukuma mashineni likiwa bado bichi utapata chai, ndiyo, lakini chai ambayo haina la kusema.

Kichwa nacho kinafanya kazi namna hiyo? Mfaransa mmoja aliamini hivyo. Henri Poincaré, mwanahisabati, alisimulia mwaka 1908 huko Paris jinsi alivyohangaika na swali moja kwa muda mrefu, akaliacha, akaenda safari ya jiolojia na wenzake. Walipofika mji wa Coutances wakawa wanapanda gari la abiria. Mguu ukiwa kwenye ngazi, jibu likaja lote, bila yeye kuliita. Alikaa kwenye kiti akaendelea na mazungumzo aliyokuwa nayo, kwa sababu alishajua ni sahihi. Lakini alisisitiza jambo ambalo wavivu kama mimi hatupendi kulisikia: usiku hauleti ushauri kwa mtu ambaye mchana hakufanya kazi. Lazima kwanza ukune kichwa mpaka kiume.

Watafiti wamepima. Mwaka 2004, kundi la Ujerumani likiongozwa na Ullrich Wagner liliwapa watu hesabu za kuchosha zenye njia ya mkato iliyofichwa. Kati ya waliolala usiku katikati ya zoezi, asilimia 59 waliigundua. Kati ya waliokaa macho, asilimia 23. Halafu mwaka 2021 watafiti wa Paris walionyesha kwamba hata usingizi wenyewe si lazima uwe mrefu. Waliosinzia angalau sekunde 15, pale mwanzoni kabisa mtu anapoanza kuteleza, asilimia 83 waliipata njia ya mkato, dhidi ya asilimia 30 ya waliokaa macho. Waliozama kwenye usingizi mzito zaidi waliambulia asilimia 14 tu. Kwa hiyo yule mzee anayesinzia kwenye baraza, usimcheke.

Lakini sikukaa chini kuandika habari za maabara. Kwenye milima yetu kuna historia ya usiku ambayo haifundishwi hivyo, na ambayo baada ya lile darasa sikuweza tena kuisoma kwa macho ya zamani.

Kabla ya serikali ya Waingereza, Wakipsigis hawakuwa na mfalme. Mambo ya kijiji yalizungumzwa kwenye kokwet, baraza la wazee chini ya mti, na kazi ya kokwet haikuwa kupiga kura bali kuzungumza hadi watu wakubaliane. Kama hawakukubaliana, walirudi siku nyingine. Mambo makubwa zaidi, hasa ya vita na uvamizi wa mifugo, yalipelekwa kwa orkoiyot, mtu wa ukoo wa Talai aliyeaminiwa kuona yajayo, kwa ndoto na kwa ishara. Vijana wenye mikuki hawakutoka hivi hivi. Walituma watu kwake, wakasubiri, na jibu likarudi kupitia wajumbe walioitwa maotik.

Tazama mpango huo kwa makini. Unaweza kuamini ndoto za orkoiyot au usiamini, hilo ni lako. Lakini kati ya hasira ya kijana na mkuki wake kuliwekwa safari, wajumbe, na usiku. Mtu aliyetaka kuvamia Jumatatu hakuweza kuvamia Jumatatu. Kwangu mimi hiyo ndiyo la nuit porte conseil iliyofanywa kuwa taasisi, na wengi wanaoandika juu ya orkoiik huishia kwenye uchawi na unabii bila kuiona saa iliyofichwa ndani ya utaratibu huo.

Na wala usidhani alikuwa mtakatifu asiyeguswa. Kimnyole arap Turukat, orkoiyot wa Wanandi, aliidhinisha uvamizi ulioishia kwenye maafa. Mwaka 1890 Wanandi wenyewe wakamuua kwa marungu. Ushauri wa usiku ulikuwa na dhamana, na ukiwa mbaya unalipwa. (Broka wangetungiwa sheria ya aina hiyo, hata bila marungu, nchi hii ingetulia.) Wanawe wakagombania nafasi yake. Koitalel arap Samoei akashinda huko Nandi, na ndugu yake Kipchomber arap Koilegen akahamia kwa Wakipsigis. Ndivyo nyumba ya Talai ilivyokuwa na nguvu Kericho.

Kisha ukaja utawala uliopenda mchana. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alialikwa kwenye mkutano ulioitwa wa amani na Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Uingereza. Alipigwa risasi akafa hapo hapo, pamoja na watu aliokuja nao. Uchunguzi ukafanywa mara tatu na afisa akaondolewa lawama. Mwaka 1914 ikawa zamu ya Kipsigis. Kipchomber na ndugu zake wawili wakakamatwa na kuhamishiwa upande wa Fort Hall, Murang'a ya leo, na Nyeri. Huko Nandi, mwaka 1923, Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, akazuiliwa. Aliachiliwa 1964. Hesabu mwenyewe, halafu uniambie ni mfungwa gani wa kisiasa Kenya aliyekaa zaidi.

Katika miaka hiyo hiyo ardhi ilikuwa inagawanywa kwa kasi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ekari 25,000 za Kericho zilitengwa kwa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani, kwa sababu bei ya kitani wakati huo ilikuwa juu. Kwa lugha ya broka, bei ni ya leo. Bei ikaanguka, mradi ukafa baada ya miaka michache. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia na chai, na yale mashamba ya kijani yaliyonyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi, yale tunayopigia picha tukienda nyumbani Desemba, yakaanza hapo.

Halafu 1934. Serikali ya koloni ikatunga sheria ya kuwaondoa "laiboni" katika nchi ya Kipsigis. Kwanza, neno lenyewe ni la Kimaasai. Watu wanahamishwa ukoo mzima, na sheria inayowahamisha haikujali hata kuwaita kwa jina lao. Pili, haikumtafuta mwenye kosa. Ukizaliwa Talai ulikuwa umeshahukumiwa, uwe mzee wa ndoto au mtoto mchanga mgongoni. Karibu watu 700 walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Watu wa baridi na ukungu, wenye ng'ombe, wakashushwa kwenye joto, malaria na mbung'o.

Serikali iliwashutumu kwa uchochezi na wizi wa mifugo, na sitasema kila Mtalai alikuwa malaika. Wapo Wakipsigis waliowaogopa, na hata leo kuna nyumba ambako jina hilo linatajwa kwa sauti ya chini. Lakini ukisoma ni nani aliyeondolewa na ni lini, unaona kitu kingine. Utawala uliweza kuelewana na chifu, kwa sababu chifu huitwa ofisini saa tatu asubuhi na anajibu hapo hapo. Haukuweza kuelewana na mamlaka iliyosema: tumesikia, sasa tunaenda kulala.

Sidai kwamba kama orkoiik wangebaki, chai isingekuja. Bunduki haingojei kesho. Ninachosema ni kwamba, siku zile ambazo Wakipsigis walihitaji zaidi kuliko wakati wowote kukaa na jambo, kulizungusha, kuona chemchemi iko pembe ipi, wale ambao kazi yao ilikuwa kuwalazimisha kusubiri walikuwa Fort Hall, Nyeri, na baadaye Gwassi.

Talai walirudi 1962, karibu na uhuru. Wengi walikuta hakuna pa kurudi. Wameendelea kudai. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu madhila ya Wakipsigis na Talai, na mwaka 2022 kesi ikapelekwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mahakama hiyo iko Strasbourg, Ufaransa. Nilipoona hilo nilicheka peke yangu, kicheko kisichokuwa na furaha. Kutoka 1934 hadi 2022 ni usiku mrefu sana wa kusubiri ushauri.

Kogo alikuwa msichana mdogo watu walipokuwa wakipelekwa Gwassi. Nilimuuliza anakumbuka nini. Nilikuwa na simu mkononi, nimeshabonyeza kitufe cha kurekodi, na kesho yake asubuhi nilikuwa na matatu ya kurudi Nairobi. Aliitazama simu, akanitazama mimi.

"Rudi kesho," akasema.

"Kogo, kesho nasafiri."

"Basi bado hujauliza."

Nilibadilisha safari. Asubuhi tuliketi kwenye baraza na akaanza kusimulia bila mimi kuuliza tena, kuanzia kwa jirani yao mmoja na ng'ombe aliowaacha, na simulizi hiyo nitaiandika siku nyingine, kwa sababu haijaisha.

Kuhusu mjomba: kuuza ardhi ya kilimo Kenya kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi, kwa hiyo sheria yenyewe ilikuwa imemwachia muda wa kujitoa. Alienda mbele ya bodi siku ilipofika. Aliulizwa kama anauza kwa hiari. Pesa ya kwanza ilikuwa imeshalipa karo ya mihula miwili, na mke wake alikuwa amesimama nyuma yake akitazama chini. Akasema ndiyo. Siku hizi maji yao yanapita kwa kuzunguka, kando ya ua la jirani, dakika ishirini kwenda na zaidi kurudi ukiwa na mtungi.